Mara moja, kwa awamu, au bila kisu kwanza: kuchagua njia ya kuupa uso sura ya kike

Mwanamke wa trans, yaani aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa, anayefikiria upasuaji wa uso huanza na maswali mawili: daktari gani, na bei gani. Ni maswali ya haki. Lakini ukikaa na waliokwisha kupita huko utaona mazungumzo yanahamia kwingine. Nani alikuwepo usiku wa pili, walilalaje pua ikiwa imeziba, nani aliwapikia uji, walirudi kazini lini, na mama alipopiga simu ya video walimwambia nini. Kwa maoni yangu uamuzi uko hapo. Sura utakayopata inategemea mikono ya daktari na mifupa uliyozaliwa nayo, lakini njia ya kuifikia inategemea ni kuugua kwa namna gani unakoweza kukumudu.

Njia zilizo mbele ya wengi ni tatu: kufanya yote kwa operesheni moja ndefu, kugawa kazi katika operesheni mbili au tatu, au kuanza na yasiyohitaji kisu, ukiuacha upasuaji kwa baadaye au kuuacha kabisa. Nimeona watu wenye akili timamu wakichagua kila moja kati ya hizo, kwa sababu nzuri.

Uso wenyewe kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Douglas Ousterhout, daktari wa San Francisco aliyekuwa amezoea kutengeneza mafuvu ya watu waliozaliwa na kasoro au walioumia, aliombwa amsaidie mgonjwa aliyetaka uso wake usomeke kuwa wa kike. Alianza kwa kupima mafuvu, ya wanaume na ya wanawake, ili ajue tofauti iko wapi hasa. Mwaka 1987 alichapisha makala kuhusu paji la uso, na mgawanyo wake wa mapaji katika makundi bado unatumiwa na madaktari hadi leo.

Kilichodhihirika tangu hapo ni kwamba macho ya watu husoma jinsia juu zaidi kuliko tunavyodhani. Mfupa uliochomoza juu ya macho, nywele zilizorudi nyuma pembeni mwa paji, pua na mahali inapoungana na paji: hayo husomwa kabla ya kidevu. Tatizo ni kwamba nyuma ya mfupa ule wa nyusi kuna uwazi wa hewa, yaani sainasi, na ukuta wa mbele wa uwazi huo mara nyingi ni mwembamba. Ukiusugua tu, unatoboka. Kwa hiyo kwa wagonjwa wengi daktari hukata kipande cha mfupa, akakitengeneza, akakirudisha nyuma na kukifunga kwa vibati au waya za titaniamu. Hiyo ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayowatisha watu. Kusugua peke yake kunawatosha wachache ambao mfupa wao ni mnene au sainasi yao ni ndogo. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayopiga picha ya mifupa tabaka kwa tabaka, ndicho kitakachosema uko kundi gani. Picha za simu hazitasema, na daktari anayekuahidi kitu kabla ya kuona CT anabahatisha.

Chini ya hapo kuna mashavu, nafasi kati ya pua na mdomo wa juu, pembe za taya, kidevu na kikoromeo. Si kila mtu anahitaji vyote. Kuna wanaohitaji paji na pua tu, wakamaliza.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: kinachobadilika, chumba cha upasuaji na hatari zake, kupona, fedha, nafasi ya kurekebisha, na nani inamfaa. Kwenye kupona nitakaa zaidi, maana ndiko matangazo ya hospitali yanakopita mbio.

Njia ya kwanza: yote kwa mara moja

*Kinachobadilika.* Juu na chini vinaingia kwenye mpango mmoja. Faida yake kubwa ni uwiano. Paji likirudi nyuma, mzizi wa pua unaonekana tofauti. Taya ikipungua, kidevu kilichokuwa sawa kinaonekana kirefu. Daktari anayefanya yote siku moja anarekebisha kimoja huku akikitazama kingine.

*Chumba cha upasuaji.* Ni saa 6 hadi 10 chini ya nusukaputi, wakati mwingine zaidi. Kadiri unavyolala muda mrefu bila kujigeuza ndivyo hatari ya damu kuganda miguuni inavyopanda. Ndiyo sababu miguu hufungwa mashine za kuminyaminya, na ndiyo sababu manesi watakuinua utembee hata ukiwa unawalaani kimoyomoyo. Daktari wa usingizi anahitaji ukweli wote: shinikizo la damu, pumu, sigara, selimundu katika ukoo, dawa za mitishamba, ARV. Ukweli kuhusu ARV una sababu ya pekee, kwani baadhi yake hugongana na dawa za usingizi na hata na sindano za steroidi zinazotumika baadaye kutuliza makovu. Mtu anayezitumia vizuri hanyimwi operesheni kwa sababu hiyo. Dawa zinapangwa tu.

Kuhusu estrojeni, homoni ya kike, wapo madaktari wanaotaka uiache wiki chache kabla, na wapo wanaokuacha uendelee. Msimamo wa zamani umelegea kadiri ushahidi unavyoongezeka, lakini usijiamulie mwenyewe. Nikotini haina mjadala, ya sigara, shisha au ya kuvuta kwa kifaa cha umeme: iachwe wiki kadhaa kabla na baada, maana inabana mishipa midogo ambayo ngozi ya kichwa inaitegemea ipone.

*Kupona.* Siku ya kwanza hutaikumbuka vizuri. Ya pili na ya tatu ndizo ngumu, kwa sababu uvimbe hufikia kilele kati ya saa 48 na 72. Macho yanaweza kufunga kabisa. Pua imejaa bandeji, mdomo una nyuzi ndani, koo linauma kutokana na mpira wa kupumulia, na ukisinzia unashtuka ukihisi unakosa hewa. Hapo ndipo unahitaji mtu aliyekaa kando ya kitanda, wala hahitaji kuwa daktari. Anayejua tu kukuinua, kukupa maji kwa kijiko, na kukuambia saa ngapi dawa inayofuata. Utalala nusu umeketi, mito mitatu mgongoni, kwa wiki mbili au zaidi.

Chakula ni cha majimaji halafu laini: uji, mtori, supu iliyochujwa, mtindi. Mrija wa kunywea usiutumie, kule kufyonza kunavuta nyuzi za mdomoni. Pilipili isubiri. Kila ukila, suuza kinywa kama ulivyoelekezwa. Dawa za maumivu zinafunga choo, na kujikamua kunapandisha presha kichwani, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo si jambo la kuona aibu kuomba.

Mirija ya kutolea damu hutolewa baada ya siku moja au mbili, nyuzi na kifuniko cha pua karibu na wiki ya kwanza au kidogo baadaye. Kupenga kamasi ni marufuku kwa wiki kadhaa kama sainasi iliguswa. Ukipiga chafya, fungua mdomo. Kuinama pia hapana. Kwa wanaoswali, maana yake ni kusali umeketi, kwa ishara, mpaka daktari aruhusu kusujudu. Kama ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake inayojulikana, na wiki hizo dawa na maji haviwezi kusubiri magharibi.

Kati ya wiki ya pili na ya tatu wengi hurudi katika hali ya kutembea mtaani wakiwa na miwani na mtandio. Kazi ya mezani huwezekana baada ya wiki mbili hadi nne. Kubeba mizigo, wiki sita. Lakini uso unaouona wakati huo bado si wako. Uvimbe wa taya unateremka polepole kwa miezi, pua huchukua mwaka na zaidi. Utosi unakufa ganzi, halafu mishipa ya fahamu ikianza kurudi inawasha na kuchoma kama shoti ya umeme; hiyo ni dalili njema, ingawa usiku wa manane haionekani hivyo. Kwa waliofanyiwa kidevu, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi vilevile, kwa wachache ganzi hiyo haiondoki yote.

Na kuna huzuni. Karibu na wiki ya pili, dawa kali zimeisha, watu wamepunguza kupiga simu, uso kwenye kioo ni wa mtu asiyejulikana, na moyo unaanguka. Inawapata wengi, hata waliosubiri siku hiyo kwa miaka mingi. Kwa anayefanya yote pamoja inakuja na uzito wote kwa wakati mmoja.

*Fedha.* Ni makumi ya maelfu ya dola katika Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, pungufu ya hapo Bangkok, Istanbul au Buenos Aires. Chumba cha upasuaji kinalipiwa mara moja, tiketi ni moja, likizo ni moja. Lakini fedha zote zinatakiwa kwa mkupuo. Marekani baadhi ya bima, zikiwemo Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) za majimbo kadhaa, hulipia. Uingereza NHS, huduma ya afya ya umma, hailipii upasuaji huu kwa kawaida. Miongozo ya mwaka 2022 ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wa trans, inauhesabu kuwa ni matibabu, na wanaopigania bima huiweka karatasi hiyo mbele.

*Kurekebisha.* Mfupa uliotolewa haurudi. Marekebisho madogo yapo na ni ya kawaida, ila daktari makini atakuambia usubiri mwaka. Kinachokosekana hapa ni nafasi ya kusimama katikati, ukajitazama ukasema: inatosha.

*Inamfaa nani.* Mwenye afya nzuri, fedha zilizokamilika au bima iliyokubali, likizo ndefu moja, na mtu wa kumuuguza wiki mbili nzima. Pia anayesafiri mbali, ambaye kurudi mara ya pili kunaweza kushindikana kwa viza.

Njia ya pili: kwa awamu

*Kinachobadilika.* Ni yaleyale, kwa vipande. Mgawanyo wenye mantiki ni paji, nywele zinapoanzia na pua kwanza. Taya, kidevu na kikoromeo baadaye. Kutenganisha paji na pua kunawezekana, lakini daktari wa pua anafanya kazi akikisia paji litakalokuja. Awamu ya tatu, kwa walio na miaka arobaini na kuendelea, huwa ni ya ngozi: taya ikipungua, ngozi iliyokuwa imevutwa juu yake inaweza kulegea chini ya kidevu, na madaktari wengi hupenda uvimbe uishe kabla ya kuamua kama inahitaji kuvutwa.

*Chumba cha upasuaji.* Kila safari ni fupi, saa 3 hadi 6. Hatari ya kila mara ni ndogo, ila unaingia nusukaputi mara mbili au tatu. Kwa mwenye presha, kisukari au umri mkubwa, daktari wa usingizi mara nyingi ataipendelea njia hii, na neno lake lipewe uzito kuliko la mpasuaji.

*Kupona.* Tofauti kubwa ni usiku ule wa pili. Ukifanyiwa juu tu, mdomo uko wazi: unakula, unaongea, unapumua. Ukifanyiwa chini tu, macho yanaona na pua inapita hewa. Hakuna siku ambayo uso mzima unakugomea kwa pamoja. Lakini unaugua mara mbili, unaomba ruhusa mara mbili, unaeleza mara mbili. Kati ya awamu madaktari wengi hutaka miezi mitatu hadi sita au zaidi, na miezi hiyo unaishi na uso ulio njiani: juu umefika, chini bado. Wapo wanaoona hiyo ni adha. Wapo wanaosema hicho ndicho kilichowapa muda wa kuzoea, na kuwapa jamaa zao muda pia.

*Fedha.* Jumla huwa kubwa kuliko ya njia ya kwanza, kwa sababu chumba, daktari wa usingizi, nauli na malazi vinalipiwa upya. Lakini inalipika kwa kipato cha kawaida. Nawajua waliocheza upatu kwa ajili ya awamu ya kwanza, wakasubiri zamu yao irudi kwa ajili ya pili. Kwa bima, uliza kabla: baadhi zinaidhinisha kila sehemu peke yake, na idhini ina muda wa kuisha.

*Kurekebisha.* Hapa ndipo njia hii inaposhinda wazi. Wengi walioanza na juu wamegundua kwamba taya iliyokuwa ikiwasumbua haionekani tena kuwa tatizo, maana jicho la mtazamaji limekwisha kuamua huko juu. Wameokoa fedha na ganzi ya mdomo. Na dosari ya awamu ya kwanza inaweza kurekebishwa ndani ya awamu ya pili bila operesheni ya ziada.

*Inamfaa nani.* Anayeishi karibu na daktari wake, kwa mfano Mkongo au Mrundi aliyeko Ubelgiji na daktari wake yuko Antwerp, asiye na uhakika anahitaji kiasi gani, mwenye ugonjwa unaotaka operesheni fupi, anayelipa kidogokidogo. Haimfai sana anayehitaji viza kila safari.

Njia ya tatu: bila kisu kwanza

Wengine huiita njia ya woga. Si kweli hata kidogo, na kwa Mswahili aliye mahali ambapo uso uliofungwa bandeji ungeleta maswali ya hatari, huenda ndiyo njia pekee yenye akili.

*Kinachobadilika.* Homoni husambaza upya mafuta ya mashavuni na kulainisha ngozi, kazi inayoendelea kwa miaka miwili na zaidi. Hazipunguzi mfupa wa mtu mzima, wala haziondoi ndevu zilizokwisha kuota. Ndevu ni kazi ya leza au ya sindano ya umeme. Kwa ngozi nyeusi ulizia leza ya Nd:YAG, ya mawimbi ya nanomita 1064. Nyingine zinazolenga rangi kwa nguvu zaidi huweza kuunguza na kuacha mabaka. Mvi hazisikii leza, hizo zinataka umeme.

Botoksi, sindano ya kulegeza misuli, ikichomwa kwenye misuli ya kutafunia huipunguza taya pana kwa miezi kadhaa, ikiwa upana huo ni wa misuli. Weka vidole pembeni mwa taya, uma meno, kinachovimba ni msuli. Sindano za kujaza za asidi ya hayaluroniki zinaongeza mashavu na midomo, na zinaweza kusawazisha paji juu ya mfupa uliochomoza. Kisha kuna nyusi, na nywele zinazoshuka kwenye paji, vitu rahisi vinavyofanya kazi nyingi kuliko heshima vinayopewa.

*Hatari.* Hakuna nusukaputi. Lakini sindano ya kujaza ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, na mara chache sana kupofusha, kwa hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye dawa ya kuiyeyusha mkononi. Silikoni ya maji inayochomwa majumbani na kwenye saluni ni jambo jingine kabisa. Inahama, inafanya mabonge, inaozesha nyama miaka baadaye, imeua. Hapo sina usawa wowote wa kuonyesha.

*Kupona.* Siku chache za wekundu au uvimbe mdogo. Jumatatu uko kazini.

*Fedha.* Kidogo kwa kila mara, bila mwisho. Ya kujaza huisha ndani ya miezi 6 hadi 18, botoksi ndani ya mitatu hadi sita. Piga hesabu ya miaka kumi kabla ya kusema ni rahisi.

*Kurekebisha.* Karibu yote yanarudi nyuma, isipokuwa kuondoa nywele. Ukitaka kwenda kwa mpasuaji baadaye, mwambie kila kilichochomwa na lini.

*Inamfaa nani.* Aliyeanza homoni juzi, kwani uso wake bado unasogea na madaktari wengi hupenda kusubiri walau mwaka. Kijana ambaye mifupa ya uso haijatulia. Asiye na mtu wa kumuuguza. Asiyejua bado anachokitaka. Na yule ambaye kinachomuumiza hasa ni ndevu, akadhani ni mfupa. Kwa mwenye paji lililochomoza sana, hata hivyo, njia hii itamfikisha nusu ya safari.

Ngozi yetu, nywele zetu

Hili linahusu wanaokatwa, kwa njia yoyote ile. Vipimo vya mwanzo vya uso wa kike vilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye nyuso za Kizungu, na daktari aliyelelewa na vipimo hivyo anaweza kukupa pua nyembamba iliyobinuliwa juu ambayo haitokani na ukoo wowote unaoujua. Ngozi nene ya pua haisinyai kufuata mfupa uliopunguzwa; mara nyingi kazi njema ni ya kujenga, kwa gegedu la sikio au ubavu, kuliko ya kukata. Omba picha za wagonjwa Weusi, mwaka mzima baada ya operesheni. Kama hana, umejibiwa. Matokeo mazuri ni pale unapojitazama ukamwona dada yako au shangazi yako.

Keloidi, yaani makovu yanayokua kupita kiasi: ikiwa masikio yako yalivimba ulipotogwa, au una kovu la kifuani lililokua, sema mapema. Haimaanishi hufanyiwi, inabadilisha mahali pa kukata na matunzo baada yake. Hilo linaleta suala la mkato wa paji. Ukipita mahali nywele zinapoanzia, daktari anaweza kuzishusha na kufupisha paji, ila kovu liko pale mbele, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuwa mstari mweupe. Ukipita katikati ya kichwa, kovu linafichwa na nywele, lakini paji halifupiki, pengine hata linarefuka. Nywele za kipilipili zimepinda hadi chini ya ngozi, hivyo kisu kisipolala sawasawa kinakata mizizi. Kadhalika kwa kupandikiza nywele. Baada ya hapo kusuka kwa kuvuta, wigi la gundi na wiving zisubiri miezi kadhaa. Nywele nyingine zitadondoka kwa mshtuko, na nyingi zitarudi.

Kikoromeo nacho kina neno lake. Kukipunguza hakubadilishi sauti kuwa nyembamba. Kikikatwa kupita kiasi, pale nyuzi za sauti zinapojishikiza, sauti inaweza kuharibika kabisa. Heri kibaki kidogo.

Mahali pa kuugulia

Kwetu mgonjwa halali peke yake. Ughaibuni analala, na wengi wanaofanya upasuaji huu wako mbali na ndugu au wamekatwa na ndugu. Miji inayopokea wagonjwa hawa, kama Bangkok na Marbella ya Hispania, ina hoteli na nyumba zilizozoea. Kuna usafi na faragha, lakini saa nane ya usiku ni wewe na simu. Nyumbani kwa rafiki kuna uji wa moto na kelele za watoto. Hospitali ina usalama kuliko kote na ni ghali kuliko kote. Ningesema siku tatu za kwanza zitafutiwe mtu, hata ikibidi kupunguza kitu kimoja kwenye orodha ya operesheni ili umlipie nauli.

Usipande ndege kabla daktari hajakuruhusu, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Beba barua ya hospitali yenye jina lililo kwenye pasipoti, kwa sababu uso uliovimba na picha ya pasipoti havitafanana. Wanaoulizwa na majirani mara nyingi husema walipasuliwa sainasi, na si uongo mtupu.

Mpigie daktari bila kusubiri asubuhi ukiona upande mmoja wa uso unavimba haraka, jicho linapoteza kuona, maji maangavu yenye ladha ya chumvi yanachuruzika puani, mguu mmoja unauma na kuvimba, au pumzi inakata. Homa pia. Na kama ulitoka nyumbani Afrika wiki chache kabla, waambie wapime malaria; daktari wa Hispania hataikumbuka.

Kulingana na hali yako

Uko Marekani au Kanada, bima imekubali, una likizo ya mwezi na rafiki wa kukaa naye: njia ya kwanza inakwenda na hali yako, na kuisogeza kwa sababu ya hofu ya uvimbe kunaweza kukupotezea idhini ya bima.

Unaishi Ulaya, unalipa mwenyewe, daktari yuko safari ya treni: anza na paji na pua. Jipe mwaka. Ukimaliza mwaka hujaitaja taya, iache.

Uko Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura na unafikiria kusafiri kisha kurudi: hesabu kwanza usalama wa kurudi. Uganda imekuwa na sheria kali zaidi dhidi ya ushoga tangu 2023. Kenya mahakama iliamuru mwaka 2014 cheti cha mtihani cha Audrey Mbugua, mwanaharakati wa trans, kibadilishwe jina, lakini amri hiyo haimlindi mtu mtaani. Kwa wengi walio katika hali hii, ndevu, nyusi na homoni chini ya daktari wa kuaminika zinawasogeza mbali bila kuwaanika. Anayeamua kusafiri afanye yote mara moja, abaki huko hadi uvimbe mkubwa uishe, na aondoke akijua daktari gani wa nyumbani atamtoa nyuzi zikibaki.

Una zaidi ya miaka hamsini, au una presha: awamu fupi, na mweleze daktari tangu mwanzo kwamba unafikiria ngozi ya shingo pia, ili asipunguze taya kupita kiasi.

Huna mtu wa kukuuguza kabisa: tafuta kwanza mtu, au nyumba yenye nesi wa usiku, ndipo uweke tarehe. Ndevu zinaweza kuanza kutolewa leo, ilimradi vikao visimame wiki chache kabla na miezi michache baada ya upasuaji, ngozi ipumzike.